Kwetu Njombe, nyumbani Mtwara

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilihamia Mtwara mjini kutoka Njombe miezi 14 iliyopita, nina watoto wawili, wa miaka 9 na 6. Baba yao bado yuko Njombe anamalizia kazi za mbao. Atakuja kututazama mwezi wa kumi, na mwezi wa kumi na mbili anahamia huku moja kwa moja. Tumepanga Magomeni: vyumba viwili na sebule, paa la bati, madirisha ya alumini ya kusukuma.

Kazini sina shida. Shida ni kwamba hapa hapajawa nyumbani. Nilisafirisha vitu vyote nikidhani vitatusaidia kuzoea: kapeti la sebuleni, mapazia mazito, makochi, mablanketi. Sebule imefanana kabisa na ile ya Njombe, lakini tunalala vibaya kwa joto, kapeti linanuka uvundo, chai haina ladha, na ukuta wa chumba cha watoto unabanduka rangi. Mabegi mawili sijayafungua mpaka leo. Majirani tunasalimiana vizuri, ila hakuna anayeingia kwangu wala mimi siingii kwao. Mwezi uliopita jirani alituletea sahani ya mbaazi za nazi. Niliiosha nikairudisha, na tangu siku ile naona amepoa.

Kinachoniumiza zaidi ni huyu mdogo. Karibu kila jioni anauliza, "Mama, tutarudi nyumbani lini?" Nikimjibu kwamba hapa ndipo nyumbani, anakataa na kulia. Na mimi moyoni naona anasema kweli. Nifanye nini?

Mama wa wawili, Magomeni, Mtwara

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na mdogo, maana swali lake ndilo mzizi wa mengine yote. Kiswahili kina maneno mawili hapa na wewe unayatumia kama moja. Kuna kwetu, na kuna nyumbani. Kwetu ni kule kwenye makaburi ya babu na lugha ya bibi. Nyumbani ni pale unapoweka kichwa usiku na kuacha viatu mlangoni. Mmakonde aliyekaa Dar es Salaam miaka 30 atakuambia kwetu Newala, nyumbani Mbagala, na hakuna atakayemwona mwongo. Ukimwambia mtoto "hapa ndipo nyumbani" bila kumwachia lile neno la kwanza, yeye anasikia kwamba Njombe imefutwa na bibi yake pamoja nayo. Lazima akatae.

Acha kubishana naye. Mwambie hivi, kwa maneno yaleyale kila mara: "Kwetu ni Njombe, tutakwenda shule zikifungwa mwezi wa kumi na mbili kumchukua baba. Nyumbani ni Magomeni, tutarudi kabla shule hazijafunguliwa." Kisha tundika kalenda ukutani, kwa kimo chake yeye, si chako. Tia alama mbili, siku ya kwenda na siku ya kurudi. Alama ya kurudi ni muhimu kuliko ya kwenda, na ndiyo wazazi huisahau. Usiseme "tutakwenda siku moja", kwa sababu mtoto wa miaka 6 hana pa kuiweka hiyo siku moja na ataiuliza kila jioni. Kule kwa bibi aache kitu chake kimoja cha kudumu, kikombe au ndala. Huku awe na kitu kinachomsubiri, nitakuja kukisema. Na mkiwa kwenye basi la kurudi, wewe mwenyewe utamke, "Tunarudi nyumbani." Usipolitamka wewe, yeye hatalitamka.

Sasa nyumba yenyewe. Njombe mjini iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kila kitu ulichobeba kutoka kule kimetengenezwa kushika joto. Mtwara nyumba inatakiwa kuliachia. Kwa hiyo vile ulivyodhani vitawaleta karibu na kwenu ndivyo vinavyowanyima usingizi, na mtu asiyelala vizuri hapapendi mahali popote, hata pawe pazuri vipi. Usingizi ndio wa kutengeneza kwanza.

Toa kapeti leo. Hewa ya bahari ina unyevu na chumvi, na chumvi iliyoingia kwenye nyuzi huvuta unyevu kila usiku, ndiyo maana hata ukilianika mchana linarudi kunuka. Lianike jua kali siku mbili, likunje, likae juu ya kitu, lisiguse sakafu wala ukuta, na ukipata gari lirudi Njombe. Sakafu ya saruji iache wazi, ipigwe deki saa kumi na moja jioni, na pa kukaa tandika mkeka wa ukindu. Mapazia mazito pia yashuke. Doti moja ya khanga inatosha dirisha la upana wa mita 1.2: kila kipande kina upana wa karibu mita moja na nusu, kwa hiyo viwili vinakupa mikunjo, na upepo unapita katikati ya nyuzi. Kama dirisha ni refu kuliko khanga, tumia kitenge.

Upepo wa huku una majira, na ni vizuri uyajue kama unavyoyajua ya shule. Kusi huvuma takribani kuanzia mwezi wa nne hadi wa tisa, kutoka kusini na kusini mashariki. Kaskazi huingia mwezi wa kumi na moja hadi wa tatu, kutoka kaskazini mashariki. Katikati hapo upepo hutulia, na hizo ndizo wiki ngumu za joto. Sasa dirisha la kusukuma lina ubaya mmoja: hata ukilifungua lote, nusu yake imebaki kioo. Saa mbili usiku funga uzi mwembamba wa nusu mita juu ya kila dirisha uone unaelekea wapi. Panapoingia upepo na panapotoka lazima pote pawe wazi. Dirisha moja peke yake halivuti hewa, hata liwe kubwa. Vioo vingi vya namna hiyo hunyanyuliwa juu kidogo vikatoka kwenye reli. Kama nje kuna nondo na wavu, muombe mwenye nyumba akuruhusu kutoa kioo kimoja kila dirisha wakati wa kiangazi na kukirudisha kabla ya mvua.

Kitanda kisigusane na ukuta unaopigwa na jua la magharibi. Tofali za saruji hunywa joto mchana kutwa na kulitema mpaka usiku wa manane, kwa hiyo ukihamishia vitanda upande wa pili, au hata ukiacha nafasi ya sentimita 30, utaona tofauti usiku huohuo. Feni ya kusimama weka upande unaoingia upepo, hatua moja kutoka dirishani, ikitazama ndani. Chandarua cha pembe nne kinapitisha hewa vizuri kuliko cha duara, kwa sababu hakimkumbatii mtu. Kikiwa cha dawa, kifue kwa sabuni laini na kianike kivulini, maana jua na dawa ya kung'arishia nguo huua nguvu yake.

Hapo hapo kwenye chandarua nisimame kidogo. Njombe ina malaria kidogo sana, Mtwara inayo ya kutosha, na wanao hawakukulia ndani yake. Homa yoyote wakapimwe siku hiyohiyo, usingoje kuona kama itashuka. Mtoto anayeugua mara kwa mara hulichukia lile eneo kuliko ugonjwa.

Ukuta unaobanduka ni chumvi inayotoka ndani ya tofali au plasta ikifuata unyevu. Ukipaka rangi ya mafuta juu yake unaufungia maji ndani, na baada ya miezi michache unatoa malengelenge tena. Kwangua rangi iliyolegea, sugua unga mweupe kwa brashi kavu (ukiuosha kwa maji unairudisha chumvi ndani), acha dirisha wazi wiki mbili au tatu za jua, kisha paka rangi ya maji. Ukuta wa mita 3 kwa 3 ni mita za mraba 9, mipako miwili ni 18. Lita moja hufunika karibu mita za mraba 10, kwa hiyo lita 2 zinatosha. Fanya kabla ya katikati ya mwezi wa kumi na moja. Rangi wachague watoto. Muulize mwenye nyumba kwanza, na jibu lake lipate maandishi, hata ya ujumbe wa simu, ili siku ya kuhama pasiwe na ubishi.

Kuhusu mimea ni hivyohivyo. Usipande mti ardhini kwenye nyumba ya kupanga. Mti huku ni alama ya umiliki, na mwenye nyumba akikuona unachimba shimo la mwembe atashtuka. Panda kwenye ndoo zilizotoboka: toboa matundu matano chini, weka kokoto kimo cha vidole vitatu, kisha udongo uliochanganywa na samadi, mafungu mawili kwa moja. Mchaichai, mrehani, pilipili na asumini vyote vinavumilia hewa ya bahari. Ndoo moja iwe ya mdogo, jina lake liandikwe juu. Hicho ndicho kitu kitakachomsubiri. Mkisafiri, jirani aombwe kumwagilia, na mtoto ndiye aende kuomba.

Chai yako haina ladha kwa sababu ya maji. Maji ya visima vingi vya mwambao yana chumvi au ugumu, sabuni haitoi povu na majani ya chai hayatoi rangi wala harufu yake. Tenga ndoo moja ya maji ya mvua au ya bomba kwa ajili ya chai tu. Hilo linaonekana dogo, lakini kikombe cha asubuhi ni sehemu kubwa ya nyumba. Njombe mlikuwa mnakinywa katika baridi, mkilizunguka jiko. Huku kisogeze barazani, saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijapanda. Na kama kule kwenu mlisalimiana "kamwene", endeleeni kusalimiana hivyo, kwa sababu salamu haioti uvundo.

Chakula usikibadilishe chote wala usikiache chote. Weka jioni moja ya wiki, sema Jumamosi, iwe ya viazi na maharage ya kwenu, na iwe siku hiyohiyo kila wiki. Viazi mviringo nunua kilo mbili tatu, si gunia. Katika joto hili huchipua na kuoza haraka, hasa vikikaa kwenye mfuko wa nailoni. Vikae kwenye kapu wazi, gizani. Siku nyingine pikeni cha hapa. Ugali wa muhogo huwashinda wageni kwa sababu wanausonga kama wa mahindi. Unga wa muhogo huvuta haraka na kunata, kwa hiyo anza na mchanganyiko, vikombe viwili vya mahindi na kimoja cha muhogo, maji yakishachemka, mkono usipumzike. Unga wenyewe nunua kwa muuzaji ambaye majirani wanamwamini, maana muhogo mchungu usioandaliwa vizuri ni sumu.

Na hizo mbaazi ulizoletewa, jifunze kuzipika. Nusu kilo ya mbaazi kavu iloweke usiku kucha, maji uyamwage, uzichemshe mpaka zilainike. Zikune nazi mbili kwenye mbuzi, kamua tui zito uliweke pembeni, kisha ongeza maji ukamue tui jepesi. Mbaazi zichemke kwenye tui jepesi pamoja na kitunguu, chumvi na pilipili nzima isiyopasuka. Tui zito linaingia mwisho, moto mdogo, ukikoroga bila kuacha mpaka lianze kutokota, kisha unaepua. Ukiliacha lichemke peke yake kwa moto mkali linakatika, mafuta yanaelea juu na mchuzi unakuwa kama maziwa yaliyoganda.

Sasa sahani. Hapa ndipo ulipokosea bila kujua, na kunarekebishika. Mwambao wote huu, sahani ya jirani hairudi tupu. Kuirudisha imeoshwa tu ni kama kusema hesabu imefungwa. Hukulazimika kuirudisha siku ileile. Unaweza kukaa nayo siku mbili tatu mpaka upate cha kutia. Usiende kujieleza, utamtia aibu. Mtume mtoto mkubwa na sahani yenu, imefunikwa kawa, saa kumi na moja jioni, na salamu fupi: "Mama anakusalimu, anasema hivi vimetoka kwetu Njombe." Parachichi, viazi, maharage mazuri. Kama jikoni kwako hupikwa nguruwe, peleka vibichi, usipeleke kilichopikwa, ili jirani Mwislamu asipate tabu ya kuuliza. Na usizidishe. Ukipeleka mara tatu ya ulicholetewa, umemtwisha deni. Ramadhani ikifika, sahani husafiri kabla ya magharibi, na mchana watoto wasile barazani hata kama ninyi hamfungi.

Pale barazani ndipo shida yako ya pili ilipo. Nyumba iliyofungwa mlango saa kumi na moja jioni, majirani huisoma kwamba mwenyewe hataki watu. Kaa nje kuanzia saa kumi na moja mpaka adhana ya magharibi, siku nne kwa wiki. Chukua kazi ya mikono, daftari za kusahihisha zinafaa, maana mtu mwenye kazi mkononi ni rahisi kumwendea kuliko anayekodoa macho barabarani. Weka mkeka, si kiti kimoja. Kiti kimoja kinasema nafasi imejaa. Mbu wa malaria hung'ata zaidi usiku, kwa hiyo muda huo si wa kuogopa sana. Giza likiingia, ndani.

Msiba ukitokea mtaani, nenda siku ya kwanza, hata kama marehemu hukumjua. Jifunge khanga, moja kiunoni na moja kichwani, ukae mkekani na wanawake, kisha uulize jikoni pana kazi gani. Kukata vitunguu msibani saa mbili kutakufahamisha kwa watu kuliko mwaka mzima wa salamu. Mchango mpe anayeandika daftari, jina lako liandikwe. Harusi na ngoma za kutoka jandoni na unyagoni subiri ualikwe, na ukialikwa nenda na kitu cha kumtuza mwali. Msiba hauna mwaliko. Nenda pia kwa mwenyekiti wa mtaa na kitambulisho chako, uandikishwe kama mkazi, kama hujafanya hivyo. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe una miezi 14 na jembe hujalishika, na majirani, kwa adabu yao, hawawezi kukulazimisha kulishika.

Watoto wapeleke baharini kwa utaratibu, si kutembea tu. Wafundishe kupwa na kujaa. Kila siku maji huchelewa kwa karibu dakika 50, na bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Siku hizo maji hukimbia mbali sana Shangani, na watu huingia miambani kutafuta pweza. Wavae yeboyebo kwa ajili ya miiba na mawe makali, na mrudi nchi kavu mara tu maji yanapogeuka, hayasubiri. Mkubwa aandike saa za kupwa kwenye ileile kalenda ya ukutani. Akiweza kumwambia mwenzake darasani kwamba kesho maji yatapwa saa ngapi, hakuna atakayemwita mgeni. Jumapili moja wapeleke Mikindani, kama kilomita 10 tu, waone boma la Wajerumani la mwaka 1895 na milango ya nakshi. Na msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba, waonye wasing'ate korosho mbichi: mafuta ya ganda huunguza midomo na mikono. Watoto wa hapa wanalijua hilo tangu wakiwa wadogo, wenu hawalijui.

Mabegi mawili yafungue Jumamosi hii. Ninakisia ndani mna masweta. Yafue, yakauke kabisa kwa jua la siku nzima, yafunge kwenye mifuko ya plastiki isiyopitisha hewa, kisha yarudishe kwenye begi moja na uliandike "Safari ya Njombe". Begi la pili libaki tupu, liingie uvunguni. Begi lililofungwa likisimama sebuleni, kila anayepita anaona watu wanaosubiri gari.

Baba yao akija mwezi wa kumi msimpokee kama mgeni, mpeni kazi, na kazi ipo: kufunga gata, mfereji wa kukinga maji ya paa, mvua kubwa isije ikawakuta bila tangi. Mwenye nyumba aulizwe mapema. Kila milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1, kwa hiyo mvua ya milimita 10 kwenye upande wa paa wenye mita za mraba 30 ni lita 300, na ukitoa zinazomwagika bado unabaki na kama 240, za chai ya wiki nyingi. Mvua mbili za mwanzo mzimwage zote, zinaosha vumbi, chumvi na vinyesi vya ndege. Mdomo wa tangi ufunikwe wavu mbu wasizaliane. Gata isifungwe sawasawa kama rula, maji yatasimama na kuizidi uzito. Ishuke nusu sentimita kila mita, yaani upande wa mita 8 ushuke sentimita 4 kuelekea kwenye tangi, na mkubwa ndiye ashike kamba ya kupimia upande wa chini.

Shangazi